Ziara ya Dakika Arobaini Katika Mji wa Kale wa Lukoto

Siku ya Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, Ofisi ya Jimbo ya Urithi na Matembezi ilitangaza rasmi kwamba mtaa wa Lukoto, mjini Kindu, ni mji wa kale wenye ukuta, na kwamba umekuwa hivyo kwa karne nyingi bila kuarifiwa. Tangazo lilibandikwa sokoni, kwenye mlango wa ofisi, na kwenye ukuta wenyewe, ambao ulihitaji kuarifiwa kuliko wote.

Aliyeliandika ni Chef Godefroid, mkuu wa ofisi hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Katika miaka hiyo yote alikuwa amepokea mtalii mmoja tu, mzungu wa pikipiki aliyepotea njia ya Lubutu, naye aliulizia petroli. Ndipo, siku chache kabla ya tangazo, ikaja barua kutoka Kinshasa: kila jimbo lionyeshe mji mmoja wa kale wenye ukuta. Jimbo lisilo nao litahesabiwa kuwa halina zamani, na ofisi yake itafungwa. Mkurugenzi Mkuu wa Urithi mwenyewe angekuja Ijumaa kwa ziara ya dakika arobaini.

Godefroid aliisoma barua mara tatu, akavaa koti, akatoka kwenda kutafuta zamani.

Aliipata Lukoto. Ukuta wa matofali ya udongo, mrefu kuliko mtu, ulizunguka nyumba ishirini na tatu na ulikuwa na mlango mmoja. Ndani alimkuta Mama Albertine, mjane wa miaka sitini na kitu, akitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mama, ukuta huu ni wa karne gani?"

"Karne njo nini, Chef?"

"Yaani, ni wa zamani?"

"Ni wa vita. Ile mwaka njia zote zilifungwa, hata chumvi ilikosekana. Masasi ilikuwa inatoka kule ku pori, inapita mu nyumba kama nyuki. Njo tukajenga."

Godefroid akaandika: *Zama za vita vya kale. Mafundi hawajulikani.*

Mama Albertine akachungulia daftari. "Mafundi njo sisi."

"Fundi akijulikana, Mama, mji unapoteza thamani."

Alisema hivyo kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. Miaka ile ya vita alikuwa Kinshasa masomoni, na tangu arudi, kila mtu alipoanza kuieleza, yeye alikumbuka ana mkutano.

Jumatano ilitoka kanuni ya utekelezaji. Mji wa kale hauanikiwi nguo, haupikiwi ndani, wala hauna mtoto anayelia. Familia zote zihame kabla ya Ijumaa saa tatu, kwa muda, na muda huo utakwisha serikali itakapoona vema. Mkaaji mmoja abaki kama kielelezo.

"Twende wapi na watoto?" watu wakauliza.

"Ng'ambo ya mto," Godefroid akajibu. "Kule hakuna urithi. Mutakaa kwa amani kabisa."

Mama Albertine akasema kielelezo ni yeye, na hakuna aliyebisha. Ijumaa asubuhi majirani wake walitoka mlangoni na magodoro, mbuzi na masufuria, wakasogea mpaka upande wa nje wa ukuta, wakaketi pale. Kanuni ilikuwa imesema wahame. Haikusema umbali.

Mkurugenzi Mkuu Mwamba alishuka kwenye gari amevaa viatu vyeupe. Alifuatana na katibu wake, Naomie, msichana mkimya mwenye faili jekundu. Godefroid akamweleza Mkurugenzi, asiyejua Kiswahili, kwa Kifaransa habari za masultani, za misafara, za mababu waliojenga kwa siri iliyopotea. Mkurugenzi aliweka kiganja ukutani, akafumba macho, akasema anawasikia mababu wakinong'ona. Kwa kweli walikuwa wale majirani upande wa pili, waliokuwa wakibishana juu ya mbuzi. Akatia sahihi papo hapo hati ya utambuzi: *Lukoto, mji wa kale, uliojengwa na mababu.*

Kisha, kwa kuwa dakika zilikuwa zimebaki, akamwona Mama Albertine. "Muulize mama huyu anajua nini juu ya waliojenga."

Godefroid akauliza. Mama Albertine akaweka mchi chini.

"Umwambie tulijenga siku kumi na saba. Wanaume walichota udongo, sisi wanawake tulikanyaga, watoto walibeba tofali moja moja. Bwana yangu Kassim alitoka kuchota muzigo ya mwisho, akapigwa risasi pale ku mutaro. Tulimufunika na shuka, tukaendelea. Tulimaliza jioni ile ile, juu kama tungengoja kesho, tungefunika wengine."

Mara hii Godefroid hakukumbuka mkutano wowote. Lakini aliona ofisi inafungwa, akamgeukia Mkurugenzi.

"Anasema ni mababu."

"Maneno yote yale?"

"Lugha yetu ni ndefu, Bwana Mkurugenzi."

Naomie akafunga faili lake. Alikuwa mzaliwa wa Lokandu, jirani na Kindu, na lugha ile ilikuwa yake. Akatafsiri upya, neno kwa neno, na hakuiacha shuka.

Godefroid alitazama miguu yake. Mkurugenzi alitazama hati, na wino ulikuwa umekwisha kukauka. Sahihi ya Mkurugenzi Mkuu haifutwi. Mwenzake mmoja aliwahi kufuta yake, na sasa hakuna anayekumbuka jina lake.

"Hati haiwezi kukosea," akasema hatimaye. "Ukuta ulijengwa na mababu. Kama hawa ndio waliojenga, basi hawa ndio mababu."

"Kwa hiyo kuna kifungu cha tisa cha kanuni za urithi," Naomie akasema, akifungua tena faili na kusoma. "Mkaaji asihamishwe bila ridhaa ya mababu."

Mpaka siku hiyo, ridhaa ilipatikana kwa kumwaga pombe kidogo chini na kungoja dakika moja. Hakuna babu aliyewahi kupinga. Mkurugenzi akavua kofia.

"Babu Albertine," akaanza, Naomie akitafsiri, "serikali inaomba ridhaa ya kuwahamisha wakaaji."

"Hapana."

Wakangoja dakika moja, kama ilivyo kanuni.

"Nimesema hapana."

Majirani walisikia. Wakarudi ndani na magodoro yao, na kila mtu mzima aliyepita mlangoni ilibidi aamkiwe na Mkurugenzi, kwa cheo chake kipya cha babu. Mababu walifika thelathini na wanne. Mmoja wao alikuwa ananyonyesha.

Mkurugenzi akaelekea kwenye gari, lakini Mama Albertine alikuwa amesimama mlangoni.

"Wakati ya vita, kila mutu aliyeingia humu alijenga. Padri alijenga. Mwalimu alijenga. Nyuma ya nyumba yangu mvua imeangusha kipande."

"Naomie," Mkurugenzi akanong'ona, "kuna kifungu?"

"Cha kumi na moja. Mgeni atafuata desturi za mababu. Ulikiandika wewe mwenyewe, Bwana Mkurugenzi."

Basi viatu vyeupe vikawekwa juu ya jiwe. Mkurugenzi akakunja suruali, akaingia kwenye tope na Godefroid kando yake, wakakanyaga. Kisha Godefroid akauliza, pole pole, bila daftari:

"Mama, huyo Papa Kassim alikuwa mutu wa namna gani?"

"Wa kucheka," akasema. "Kanyaga pale, bado kuna bonge."

Mkurugenzi aliweka tofali lake la kwanza, akarudi hatua moja nyuma, akangoja makofi. Mama Albertine alilipima kwa jicho, akaling'oa, akamrudishia mkononi.

"Imepinda, Papa. Anza tena."