Kambi ya Kwaya Kando ya Ziwa

Jumatatu, 4 Agosti

Kwaya yetu ya Maisaka itapiga kambi sikukuu ya Nanenane. Mwalimu Katarina, anayetufundisha kuimba, ameuliza nani atachagua eneo. Nimenyoosha mkono kabla hajamaliza swali. Filbert naye kanyoosha. Filbert wa besi, ambaye tangu Pasaka anaamini Lea anamtazama yeye. (Lea anatutazama wote wawili. Huwa tunakosea pamoja.)

Filbert anataka kilima cha babu yake kule Sigino. Kilima! Mtu apande mlima ili ale pilau? Mimi nikasema ufukweni. Sauti ya kwanza wote wakashangilia. Lea akauliza kama kuna mchanga. Nikasema tele. Sijawahi kuangalia.

Jumanne, 5 Agosti

Nimezunguka ziwa. Ufukwe wa kwanza, matete matupu. Wa pili, tope, na kiatu changu cha kushoto kimebaki humo. Wa tatu nikaishiwa maneno. Nyasi fupi, laini, kama zimekatwa kwa mashine. Njia pana inashuka hadi majini, ungeweza kupitisha bajaji. Na hapana mtu hata mmoja. Watu wa Babati hawajui kutumia neema.

Juu kidogo Mama Nataana alikuwa anachunga mbuzi. Nikamwamkia, nikamuuliza mbona watu hawaji hapa. Akasema mahali pale pana wenyewe. Nikaomba anipeleke kwao nikaombe ruhusa. Akamrudisha mbuzi mmoja kundini, kisha akasema:

"Subiri jioni, mwanangu. Watakuja."

Nilikuwa na haraka. Nikamwachia salamu zao.

Alhamisi, 7 Agosti

Filbert anaeneza maneno kwamba ziwani kuna viboko. Nani asiyejua? Wako ng'ambo. Nimechora ramani ubaoni: viboko kule, sisi huku, katikati maji. Lea akauliza kama viboko hawaogelei. Nikamwambia kwa mwili ule, tuwe wakweli.

Kura zimepigwa. Nimeshinda. Filbert alipiga makofi mawili tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku tukufu. Hema langu jipya, la rangi ya chungwa, nililisimika katikati ya ile njia pana, palipo tambarare. Lea akaja kulitazama. Naandika maneno yake yasipotee: "Umechagua vizuri, Gidamis."

Jua likizama tukaanza kuimba. Ubeti wa pili besi ikazidi. Mwalimu Katarina akamwambia Filbert apunguze. Filbert akasema bado hajaanza.

Wakatoka majini mmoja mmoja, bila haraka, kama wazee wa kanisa wanaoingia ibadani. Mwalimu Katarina akasema kwa sauti ndogo, "Acheni vitu. Pandeni kwenye basi kule juu. Asikimbie mtu."

Tukapanda mteremko tumeshikana mikono. Moyo wangu ulijaa, kwa sababu ya ule mkono laini niliokuwa nimeushika. Tulipofika mlangoni nikaona ni wa Filbert.

Kutoka dirishani tuliona yote. Kiboko mkubwa kuliko wenzake alifuata njia yake kama kawaida. Hema langu lilikuwa njiani. Alipogeuka kurudi majini, alikuwa amelivaa. Filbert akasema angalau yupo mmoja aliyelipenda eneo. Basi zima likacheka. Hata mimi, mpaka machozi.

Tumelala Sigino, kilimani. Upepo si mbaya.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada Mwalimu Katarina amemshukuru Mungu kwa uhai wetu, kisha akatangaza kwamba kambi ya Krismasi eneo atachagua Filbert. Sikubisha. Achague tu, ingawa hana macho ya kuona mbali.

Maana mimi nimeshapata pengine, na nimemnong'oneza Lea. Ufukwe mkavu, kivuli kizito. Kila mti umetundikwa mizinga ya nyuki, ndiyo, lakini nyuki wana shughuli zao na sisi tuna zetu. Lea akauliza itakuwaje tukiwasha moto wa kuchoma nyama.

Nikamwambia watafurahia joto.