Vidonge vya Macho na Meza ya Majani

Jumatatu, 2 Machi 2026

Aibu. Aibu ya mchana kweupe, mbele ya foleni nzima.

Nilikuwa kwenye meza ya kukagulia majani chai, kituo chetu cha hapa Boito, kazi ambayo wakulima wamenichagua kuifanya kwa miaka kumi na mmoja. Kipkurui akamwaga mfuko wake. Nikapitisha mkono juu yake kama kawaida na kutangaza: safi, majani mawili na chipukizi, hakuna takataka. Chepkosgei, jirani yangu, aliyekuwa wa nne kwenye foleni, akauliza kwa upole kama siku hizi kiwanda kinanunua na soksi.

Ilikuwa soksi. Lakini ya kijani! Mtu yeyote angekosea.

Eliakim, afisa wa kiwanda, hakucheka. Hilo ndilo liliniuma zaidi. Alisema uchaguzi wa mkaguzi ni Jumamosi tarehe 21, na mwaka huu kila mgombea atachambua majani mezani, watu wakitazama, kabla wapiga kura hawajapanga mlolongo, kila mtu nyuma ya amtakaye. Chepkosgei akasema papo hapo kwamba anagombea.

Joan, mke wangu, anataka niende Bomet nikapimwe macho, nipate miwani. Miwani! Mkaguzi akivaa miwani ametangaza kwamba macho yamestaafu. Na nikikosa kiti hiki mimi ni nani? Mume wa Joan tu. Nimemwambia siendi.

Jumatano, 4 Machi

Nimepata dawa! Iko Roret, kibanda cha Quinter, yule mama anayeuza dawa za kuongeza nguvu. Chupa ya vidonge vya rangi ya machungwa. Macho na ubongo, vyote kwa pamoja. Quinter amenieleza kwamba ndani mna karotenoidi, kile kitu kinachofanya karoti iwe karoti na kiini cha yai kiwe cha njano.

Mimi si mjinga. Nilimuuliza kama kuna ushahidi. Akasema utafiti umefanywa. Nikauliza utafiti gani. Akasema utafiti wenyewe. Mwongo hawezi kujibu kwa uhakika namna hiyo.

Ubongo wangu hauna shida, lakini nyongeza haikataliwi.

Alhamisi, 5 Machi

Nimempigia Nelvine, binti yetu, afisa wa lishe kule Kericho. Nilitaka pongezi. Nimepata mhadhara.

Alisema utafiti upo, na mkubwa. Kuna karotenoidi mbili, luteini na zeaksanthini, ambazo katika vidonge maalum husaidia kupunguza kasi ya ugonjwa fulani wa nyuma ya jicho kwa wazee ambao tayari wanao. Kupunguza kasi tu. Hazirudishi macho yaliyokwisha kudhoofika, na hazichukui nafasi ya miwani. Kuhusu ubongo, alisema matokeo hayajakubaliana: tafiti nyingine ndogo ziliona nafuu kidogo, nyingine kubwa haikuona kitu. Tena alisema vitu hivyo hivyo vimejaa kwenye mboga kama managu na sukuma, na kwenye malenge na mayai, yaani jikoni kwa mama yake.

Matokeo hayajakubaliana! Maana yake kuna waliosema ndiyo. Tuseme nusu. Uchaguzi unahitaji nusu jumlisha moja, na huyo mmoja ni mimi.

Aliuliza pia kama nimerudia sigara, kwa sababu beta-karotini, ndugu yao mwingine, ikimezwa kwa wingi iliwaongezea wavutaji saratani ya mapafu. Nikamwambia niliacha zamani. Sikutaja ile moja niliyovuta kwenye harusi ya mpwa wangu Kipruto.

Jumamosi, 7 Machi

Nelvine alisema utafiti wa kweli lazima uwe na vikundi viwili: kimoja kinapewa dawa na kingine hakipewi. Basi nami nimefanya wangu. Malkia amepewa vidonge vitatu ndani ya pumba. Sifa amepewa pumba tupu. Wote ni ng'ombe wa umri mmoja, chakula kimoja, mama mmoja. Wataalamu wangenionea wivu.

Saa kumi nikaenda mwisho wa shamba na mzigo wa majani ya napia, nikarudi polepole, ili nione ni nani atakayeniona kwanza.

Wote wawili waliniona. Mimi ndiye sikuwaona. Nilimkanyaga Sifa mguu, naye akanirudishia.

Matokeo: dawa ina nguvu. Imeenea mpaka kwa ng'ombe ambaye hakupewa.

Jumanne, 10 Machi

Nimesoma (Joan amenisomea) kwamba karotenoidi haziingii mwilini vizuri bila mafuta. Mafuta! Hicho ndicho kilichokuwa kimekosekana! Kwa hiyo leo nimevunja vidonge kumi na kuvimimina ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kilichokuwa kona ya jikoni. Nikatikisa vizuri. Maziwa yenye mkaa, mafuta na sayansi.

Sikujua kwamba kibuyu kile Joan alikiandaa kwa ajili ya wageni wa kesho, wazazi wa kijana anayetaka kumwoa Nelvine.

Jumatano, 11 Machi

Wageni walikuja. Joan akamimina kwa heshima zote. Mursik ikatoka na rangi ya matope ya barabara. Baba wa kijana akaangalia kikombe chake kwa muda mrefu, akauliza huku kwetu tunatumia mkaa wa mti gani. Nikajibu ni mti wa kigeni. Akanywa. Ni muungwana, hilo lazima niseme.

Joan hajasema nami tangu saa tisa. Nelvine amesema, na amesema mengi. Ila yule mzee wakati wa kuondoka aliuona mlango bila kuongozwa. Nimeandika kama matokeo.

Jumapili, 15 Machi

Vidonge pekee vinakwenda polepole, kwa hiyo tangu siku ile niliporudi kutoka Roret ninakula na karoti. Kilo mbili kwa siku. Malenge jioni. Leo kanisani nilimnyooshea mchungaji mkono na hakuupokea. Akaugeuza, akauangalia, akaita wazee wawili nao wauangalie. Viganja vyangu vimekuwa rangi ya chungwa. Pua pia.

Wameniombea ini, kwa kudhani nina manjano. Kwa sauti. Nilijaribu kueleza kwamba ini langu halina neno, lakini huwezi kumkatiza mtu anayekemea.

Jioni Chepkosgei alibisha hodi. Ameleta trei ya mayai na fungu la managu. Alisema, pole Mzee Johana, nimesikia wewe ni mgonjwa, kula hivi upate nguvu, tukutane Jumamosi. Alikuwa na huruma usoni, au nilidhani ni huruma, kwa maana uso wenyewe sikuuona vizuri. Ujanja mtupu! Amekuja kupeleleza. Nimekula mayai manne ili kumkomoa.

Jumatano, 18 Machi

Ubongo sasa. Nimetafuta chupa ya vidonge asubuhi nzima. Chini ya kitanda, kwenye zizi, mpaka ndani ya gumboti. Joan hatimaye amevunja ukimya ili kuniambia kwamba nimeishika mkononi.

Nimemeza viwili vya ziada kwa ajili ya kumbukumbu. Au nilikuwa nimeshameza. Nimemeza vingine kwa usalama.

Jumamosi, 21 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa. Mwanaume hujikaza.

Kituo kilijaa. Eliakim akamwaga rundo la majani mezani, yamechanganywa kwa makusudi na magugu na majani makavu. Mimi kwanza. Nikachambua kwa haraka na kwa madaha, kama mtu wa miaka kumi na mmoja kazini. Nikamaliza. Nikapandisha mikono yangu ya rangi ya chungwa juu. Eliakim akapitia kazi yangu, kisha akaomba kwa heshima nimrudishie kalamu yake, ambayo nilikuwa nimeiweka upande wa majani mazuri.

Akaja Chepkosgei. Akatia mkono mfukoni. Akatoa miwani! Akaivaa mbele ya kila mtu, bila haya, akachambua rundo lote asiache hata jani moja la gugu. Alisema aliipata Bomet mwezi wa kwanza. Nikangoja watu wamcheke. Wakampigia makofi.

Bado kulikuwa na mlolongo. Tukasimama, yeye upande wa barabara, mimi upande wa ua. Nikageuka. Moyo ukaruka! Nyuma yangu mstari mrefu, watu ishirini na zaidi, wametulia kwa nidhamu. Machozi yakanitoka. Nikawahutubia. Niliwashukuru kwa uaminifu wao, nikaahidi kwamba sitawasahau, nikawaambia wao ndio wakulima halisi wa Boito.

Zilikuwa aproni. Aproni za plastiki za kuchumia majani, ambazo wapiga kura walizitundika kwenye ua kabla ya kwenda kusimama nyuma ya Chepkosgei.

Mtu mmoja tu alikuwa nyuma yangu. Joan. Alisimama peke yake, mkoba mkononi, uso umenyooka, huku kituo kizima kikishika mbavu. Aliniambia nishushe mikono twende nyumbani. Sijawahi kumpenda hivyo tangu siku ya harusi, na sijawahi kuumia hivyo pia.

Jumapili, 22 Machi

Ajabu kubwa! Lazima niandike upesi.

Baada ya ibada Chepkosgei alinifuata, akanipa miwani yake, akasema nijaribu tu, dakika moja, haiumi. Nikaivaa ili asinisumbue. Na dakika ile ile nikaona! Nukta za kwenye Biblia! Kovu la kidevuni kwa Kipkurui! Joan ana mvi mbili kando ya sikio, na anapendeza nazo.

Vidonge vimefanya kazi. Siku kumi na nane vilikuwa vinajikusanya, na vikafika machoni saa sita na robo kamili. Mtafiti mwenye haraka angedhani ni miwani.

Nilipoivua, giza likarudi. Ni wazi: miwani imenyonya nguvu ya dawa na kuondoka nayo. Dozi lazima iongezwe. Nimemwandikia Quinter ujumbe aniwekee chupa tatu.

Joan anasema ujumbe nimeutuma kwa Chepkosgei. Amejibu, na Joan amenisomea: kliniki ya macho Bomet ni Alhamisi, saa mbili asubuhi, atanipeleka mwenyewe, nibebe kitambulisho.

Nimemwelewa sasa. Anataka nikae Bomet siku nzima ili akague majani bila mtu wa kumsahihisha. Alhamisi nitakuwa kituoni kuanzia alfajiri, karibu na meza, nikimkagulia kila jani.