Kura ya Sauti Mbele ya Mwenyekiti

Kamati Huru ya Uchaguzi ya Jumuiya ya Watu wa Milimani, yenye matawi Louisville, Columbus na Buffalo hapa Marekani, ina furaha kutangaza kwamba uchaguzi wa mwenyekiti wa mwaka 2015 ulikwenda vizuri kuliko ilivyokusudiwa. Kamati ilikuwa na watu wawili: mimi, Bisogo, katibu, na Bwana Minani, Mrundi, aliyeteuliwa kwa sababu hana undugu na mtu yeyote kati yetu. Tulikuwa huru kabisa. Mwenyekiti mwenyewe alituagiza tuwe huru.

Mwenyekiti huyo, Mzee Nyarugabo, alikuwa akitetea kiti chake. Mpinzani wake alikuwa Mama Nyiramahirwe, mjane ambaye watoto wake bado wako shule. Walichogombania ni basi dogo la jumuiya. Mama Nyiramahirwe alitaka lipeleke kina mama kwenye ghala lililo nyuma ya uwanja wa ndege, kwa kuwa zamu ya alfajiri huanza kabla mabasi ya mji hayajatoka. Mzee alilihitaji kwa ukaguzi wa umoja. Umoja wetu hukaguliwa Columbus na Buffalo, hasa penye harusi.

"Donc, gari inakagua," Mama Nyiramahirwe alisema baada ya ibada, "na sisi tunaenda kazi na miguu, kwa barafu. Mukansanga alianguka, goti ikavimba. Mnangoja avunje ya pili?"

Mukansanga ni mke wa Rwema, mtoto wa Mzee Nyarugabo. Kwa hiyo suala la goti lilitambuliwa kuwa la kifamilia, likaondolewa kwenye ajenda.

Wakati huo Mzee alikuwa akijisomea kwa ajili ya mtihani wa uraia, na huko akakutana na historia. Zamani katika jimbo letu hili la Kentucky, alitueleza, wabunge hawakuchaguliwa kwa karatasi. Mpiga kura alisimama mbele ya afisa, wagombea wakiwa wameketi hapohapo wakimtazama, akataja kwa sauti jina la amtakaye. Aliyetajwa aliinuka, akashukuru, akampa wiski.

"Ile ndiyo demokrasia," Mzee alisema. "Karatasi inaficha watu. Mimi nataka mtu aniangalie kwa macho."

"Na wiski?" Minani aliuliza.

"Sisi ni wakristo, Minani. Fanta."

Kamati ilijadili pendekezo hilo kwa uhuru na kulipitisha kabla chai haijapoa. Mzee aliongeza kanuni moja: litajwe jina lenyewe, bila cheo, na atakayenyoosha kidole au kusema "yule" kura yake itakuwa imeharibika.

"Mara iliyopita watu walikubali kwa kutikisa kichwa," alieleza, "kisha wakasema walikuwa wanasinzia."

Mahesabu yake yalikuwa mazuri. Alikuwa na watoto wa kiume waliooa katika miji yote mitatu, na ndugu zake vilevile. Zaidi ya nusu ya wapiga kura walikuwa wakwe zake, wake wa vijana hao. Nani angesimama mbele ya baba mkwe wake na kumtaka mwingine?

Siku ikafika. Louisville tulikuwa katika ukumbi wa kanisa. Columbus na Buffalo walikuwa kwenye simu zilizowekwa spika juu ya meza. Kila mgombea aliketi na kreti zake za Fanta. Mzee aliomba familia yake itoe mfano, kwa hiyo wa kwanza kuitwa alikuwa Mukansanga. Alikuja akichechemea, akasimama mbele ya meza.

"Taja, mama," Minani alisema.

"Ninachagua baba."

"Baba gani? Hapa ni wengi."

"Baba ya Rwema."

Minani alinitazama. Nikasoma kanuni. Jina lenyewe.

"Bon, Mukansanga," Mzee aliingilia kwa upole, "sema tu. Ni desturi ya Kentucky."

"Baba, unataka niite jina yako? Mbele ya watu wote hawa?"

Kina mama wakashika midomo. Kwetu milimani mke hatamki jina la baba wa mume wake, awepo au asiwepo, hata akiulizwa na polisi. Mke wa Mzee alisema, bila kuinuka, "Akilisema, asirudi kwangu."

"Baba akiniruhusu, nitasema," Mukansanga alijibu, macho chini.

Mzee alifikiri. Kamati ilimwona akifikiri. Mbele yake na kwenye simu kulikuwa na wakwe wa miji mitatu, kila mmoja akisubiri ruhusa ya kumwita Nyarugabo kama mtoto aliyesoma naye.

"Usiseme," akaamuru.

"Basi, mzee Minani, kuna jina ingine gani?"

"Kuna Nyiramahirwe tu."

"Hiyo ninaweza. Nyiramahirwe."

Alilitaja kwa sauti nzuri, iliyo wazi. Mama Nyiramahirwe aliinuka, akashukuru, akampa Fanta. Wakwe wakajipanga nyuma yake, kila mmoja akiwa na adabu kuliko aliyemtangulia. Simu ya Buffalo ikasema, "Hata huku kwetu hatuwezi kumkosea Mzee. Andika Nyiramahirwe."

Mzee alipata kura kumi na mbili. Moja alijipigia. Nyingine zilitoka kwa vijana wa kiume, waliosimama mmoja mmoja na kumwambia usoni, "Nyarugabo." Kila alipoinuka kushukuru, alishukuru kwa sauti ndogo zaidi.

Jumatatu basi dogo likaanza safari za ghalani. Mukansanga hukaa mbele, penye nafasi ya kunyoosha mguu.

Mzee hakupinga matokeo. Alileta lalamiko jingine: kwamba vijana kumi na mmoja wamemwita kwa jina tupu hadharani. Wakaitwa mbele ya kanisa. Waliomba radhi kwa unyenyekevu na kufuta kauli zao, naye akawasamehe wote. Kwa kuwa kauli hizo ndizo zilizokuwa kura, Kamati haikuwa na njia ila kurekebisha hesabu.

Mzee amebaki na kura moja, ile aliyojitaja mwenyewe. Tulimuuliza, kwa heshima zote, kama naye angependa kujiomba radhi. Ametuomba tumpe muda.