Kuku Wangu Hakuvalishwa Suruali

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Kufuta Video,

YAH: VIDEO YA DAKIKA TATU ILIYOFUTWA, NA HESHIMA YA MEZA NAMBA SABA

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye kiti chenye mto, na umeshakula. Nauliza kama umekula kwa sababu jambo lenyewe linahusu chakula, na nimegundua kwamba mtu mwenye njaa hunielewa upesi kuliko aliyeshiba.

Mimi ni mchinjaji wa kuku. Meza yangu ni ya saba ukiingia sokoni kwa mlango wa nyuma, katikati ya fundi viatu na mama wa mbogamboga. Aliianza babu, akaishika baba, na mimi huu ni mwaka wa ishirini na tisa naisugua kwa brashi asubuhi na jioni. Binti yangu, ambaye nimemfundisha kazi na ndiye atakayeishika nikichoka, aliona tuwaonyeshe watu namna kuku anavyochinjwa kwa adabu. Tukarekodi, akaiweka kwenye mtandao wenu. Ilikaa siku mbili. Ya tatu mkaifuta, mkatuandikia kwamba ina "ukatili wa kutisha dhidi ya wanyama".

Maneno hayo nimeyasoma kwa miwani na bila miwani, hayabadiliki. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Binti ananiambia aliyetoa hukumu si mtu, ni mashine. Sina ugomvi na mashine, nyumbani ninayo ya kusagia nyama na tunaelewana vizuri. Ila ningependa kujua kama hiyo yenu imewahi kumshika kuku mkononi, ikasikia moyo wake unavyokwenda mbio na unavyotulia ukimshika inavyotakiwa. Kama haijawahi, basi nimehukumiwa na mgeni.

2. Mliyoyaacha. Baada ya yangu kufutwa nilikaa na binti tukaangalia yale ambayo ofisi yako imeyaona ni ya upole. Tuliona paka aliyevalishwa suruali na kofia, ameganda kama amefiwa. Tuliona mbwa anaamshwa usingizini kwa filimbi ili watu wacheke anavyogonga kichwa kwenye kabati. Tuliona kijana anameza samaki ambaye mkia bado unapigapiga, na watu nusu milioni wamempongeza. Tuliona bwana mmoja anakula mapaja kumi na mawili ya kuku mbele ya kipaza sauti, mifupa inalia kama mtu anavunja viti. Hao wote wapo mpaka leo, wanapeta. Kuku wangu hakuvalishwa suruali, Ndugu Mkuu. Hakuamshwa kwa filimbi. Ameondoka duniani bila kuchekwa na mtu, na huyo ndiye mmemwona ameonewa.

3. Sasa nikueleze tunavyofanya, ili usiseme hukuambiwa. Kwenye meza yetu kuku habebwi kichwa chini miguu juu kama mwavuli. Anakumbatiwa. Anapewa maji kwanza. Anafunikwa macho kwa kiganja, na kisu kinakaa nyuma ya mgongo wangu mpaka dakika ya mwisho, kwa sababu babu alisema si ungwana kumwonyesha mtu kitu ambacho hawezi kukikimbia. Wengine wako nyuma ya pazia, hawaoni kitu. Hakuna kupiga kelele wala kupiga mluzi. Kaka yangu alisimamishwa kazi na baba mwaka mzima kwa kosa la mluzi, akaenda kuuza magodoro, na huko anapiga mluzi mpaka basi. Na kubwa kuliko yote: kuku hachinjwi mpaka mlaji wake awepo. Mteja anakuja, anakaa kwenye benchi, anaeleza anampikia nani. Ndipo kisu kinatoka. Hatuchinji akiba. Hatuchinji kwa kubahatisha. Baba alikuwa akisema roho ya kuku ni ndogo lakini si ya kuchezea, na hapo ndipo penye tofauti kati ya mchinjaji na muuaji. Hayo yote nimeyasema kwenye video, neno kwa neno. Mashine yenu imesikia kisu tu.

4. Watazamaji. Mmoja mwenye picha ya alizeti aliandika kwamba mimi nami ninyonyolewe nikiwa hai. Wa pili yake, chini hapohapo, akaomba kuelezwa viungo vya mchuzi. Kisha akaja mteja wangu mwenyewe, ambaye pale sokoni tunamwita Mama Upole, akaweka vichwa sita vya njano vinavyolia machozi na kuandika "Maskini kuku wa watu". Kesho yake saa tatu alikuwa amekaa kwenye benchi langu. Nilimhudumia kwa adabu zote. Alitaka wawili, wanene, na akanisisitizia niwatoe utumbo vizuri.

5. Haya yote ningeyameza, kama nilivyomeza mengi. Lakini ilani yenu imefika kwa mwenyekiti wa soko. Mwenyekiti huyu anauza kuku wa friza, ambao nadhani yeye anaamini huzaliwa bila kichwa, wamefungwa nailoni. Aliisoma ilani mbele ya kikao, taratibu, huku anatikisa kichwa kwa huzuni ambayo sijawahi kumwona nayo hata msibani. Akasema soko letu haliwezi kuwa na mtu aliyetangazwa dunia nzima kuwa ni katili. Meza namba saba imefungwa kwa mnyororo, na itafunguliwa siku nitakayoleta barua kutoka kwenu inayosema mimi si katili. Nisipoileta mpaka mwisho wa mwezi, inakwenda kwa mtu wa chipsi. Kwa kifupi, mmemwaga unga wangu, na wa binti yangu, na mmewakalisha babu na baba kizimbani wakati hawana mdomo wa kujitetea. Hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulifunika kwa maneno matamu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naamini hayazidi uwezo wa ofisi kubwa kama yako:

Kwanza, video irudishwe, ikiwa na maneno ya kuniomba radhi mimi, na ikibidi ukoo wa kuku mhusika.

Pili, mwandikieni mwenyekiti barua yenye mhuri, kwa herufi kubwa, maana husoma yanayomfaa tu.

Tatu, mashine yenu iletwe kwangu ijifunze kazi miezi mitatu. Aproni ije nayo. Itaanza kwa kufagia, kama nilivyoanza mimi.

Nne, kuanzia sasa kila anayekula nyama mbele ya kamera aonyeshe kwanza aliyemchinjia, na amtaje kwa shukrani. Asiyeweza, basi chini ya video yake yaandikwe maneno haya: "Mnyama huyu alikuwa na kichwa."

Tano, kwa kuwa kazi ya kupambanua upole na ukatili imewashinda, nipo tayari kuifanya mimi, kila siku baada ya saa kumi. Nitaanza na yule wa suruali.

Nakushukuru kwa kunivumilia. Nisalimie wote wa ofisini, wakubwa na wadogo, na familia zao. Mashine nayo isalimie, sina kinyongo nayo. Paka mkimwona, mwambieni tuko pamoja. Binti anawasalimu, na fundi viatu amenituma nimtaje, ingawa hajui barua inahusu nini.

Wako mtiifu, katika kazi halali,

Mchinjaji wa Meza Namba Saba

Nyongeza: Binti amekataa kuituma barua hii mpaka niiangalie video yenyewe, maana siku zote nilikuwa nasimuliwa tu. Sipendi kuiona sura yangu. Basi nimeiangalia. Ni nzuri, mkono umetulia, na maneno ya baba nimeyasema vizuri kuliko nilivyotegemea.

Kisha akanifungulia nyingine tatu, zilizobaki kwenye simu yake. Ya kwanza iliharibiwa na honi ya pikipiki. Ya pili kidole chake kilifunika kamera. Ya tatu mimi mwenyewe nilisimama vibaya, kisu hakikuonekana, nasikika nikisema turudie. Kwa hiyo kuku walikuwa wanne, na kichwani mwangu wiki zote hizi nilikuwa nimeweka mmoja. Tena tulirekodi siku ya usafi wa soko ili pawe kimya. Hapakuwa na mteja hata wa dawa.

Mwanzoni mwa ile ya nne, ndiyo hiyo mliyoifuta, kuna kipande alichokikata asiwaonyeshe. Sauti yake inauliza, "Baba, na huyu ni wa nani?" Yule mzee aliyevaa aproni yangu hainui hata uso.

"Wa video," anasema. "Wewe shika simu vizuri."

Msiirudishe. Kwa mwenyekiti nitakwenda mwenyewe.