Makala Ambayo Jina Langu Lilitangulia

Jumatatu, 4 Machi
Mvua tangu alfajiri, Singapuri nzima imelowa. Mkuu wa idara, Profesa Kathiravan, ameniita kwa upole wa daktari mwenye habari mbaya. Mkataba wangu utajadiliwa na jopo Jumatatu ijayo. Akauliza kwa miaka mitano nimethibitisha nini. Nikamwambia asubiri aone! Nina mbinu: kompyuta ya kwanta, ile inayotumia fizikia ya chembe ndogo kabisa, siku itakapopatikana ya maana, itapekua jedwali kubwa la takwimu kufumba na kufumbua. Ya kawaida itahangaika miaka. Nusu ya uthibitisho ipo. Nusu nyingine iko njiani.

Jumanne, 5 Machi
Jopo linapenda ushirikiano, kwa hiyo nahitaji mwenzangu. Balaa! Sisi watu wa nadharia huorodhesha waandishi wa makala kwa alfabeti, hata kama wa mwisho ndiye aliyetoka jasho. Mimi ni Yeo. Miaka ishirini na mbili navuta mkia. Nimemwalika Dokta Zhuang, mwajiriwa mpya, amalizie ile nusu. Mke wangu, Siew Lan, akauliza kwa nini yeye. Nikasema ana kipaji. Siew Lan akacheka, akasema ana Z.

Alhamisi, 7 Machi
Zhuang kanialika chakula cha mchana. Pongezi hizo! Nikaagiza supu ya samaki, bakuli kubwa. Akaniuliza, nikitaka kujua kama supu imekolea chumvi, huwa namaliza bakuli? Nikasema la, naonja kijiko. Akasema basi na jedwali ni vivyo hivyo: kompyuta ya kawaida ikionja safu chache kwa bahati nasibu, inapata jibu kwa kasi inayokaribia ileile. Sasa kwanta ya nini? Akaandika uthibitisho kwenye karatasi ya kupangusia mdomo. Mistari saba. Miaka mitano yangu, mistari saba yake! Supu ikapoa.

Ijumaa, 8 Machi
Nimembembeleza Zhuang tutoe kwanza mbinu yangu, ya kwake isubiri hadi jopo likutane. Hapo “Dokta” aliyokuwa akiniita ikaisha. Mjomba, akasema, watu watacheka mpaka wachoke, na mimi nitakuwa nimesimama kando yako. Nikanywea. Mchana tumetoa makala moja tu, mtandaoni, dunia nzima isome: Yeo na Zhuang, “Kwa Nini Mbinu ya Yeo Haihitajiki”. Nimetangulia, hatimaye. Hongera kwangu.

Jumatatu, 11 Machi
Jopo limeketi dakika tisa. Profesa Kathiravan alisifu sana uaminifu wangu, nikajua nimekwisha. Utafiti basi. Nimepewa mwaka mmoja wa kufundisha hesabu kwa wanafunzi wapya, kisha kwaheri. Zhuang anachukua ofisi yangu yenye dirisha. Siew Lan akanipakulia uji, akaketi karibu nami kuliko kawaida. Hilo ndilo lililoniuma.

Lakini kwenye treni ya kurudi nimepata wazo, kubwa kuliko lile! Safari hii kompyuta ya kawaida haichomoki. Nimeshawaandikia wanajopo wote watano kuwatangazia ushindi. Kesho naanza kuutafuta uthibitisho.