Uzinduzi wa Gari la Zambarau la Sayari za Mbali

Mheshimiwa Tove Ravnkilde, mwakilishi wa halmashauri ya mji wetu wa Skovlev na mwenye mamlaka juu ya chumba hiki cha chini ya maktaba. Waheshimiwa wanakwaya mliokaa kule dirishani mkipima kwa macho mahali pa kuweka kinanda. Ndugu Ejnar, mwanachama wetu mwandamizi. Msanifu wetu Ditte. Wazazi, watoto, na wewe uliyeingia kukwepa mvua: itifaki imezingatiwa. (Tove, kutoka mstari wa mbele: "Flemming, niite Tove tu. Tumesoma darasa moja." Kicheko.) Nashukuru sana, Mheshimiwa Tove Tu.

Mimi, Flemming Bruhn, mwenyekiti wa Chama cha Waunda Vitofali, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao, kwa tathmini niliyoifanya mwenyewe, haujapata kufikiwa na mwenyekiti yeyote wa chama chochote katika rasi nzima ya Jutland, hapa Denmark. (Watu wanaangalia viatu vyao.) Halmashauri ilitupa sharti jepesi: gari la kutembelea sayari za mbali, la kubuni sisi wenyewe, lililoundwa kwa vitofali vya plastiki vya kuchezea, vile vinavyopachikana, liwe juu ya meza hii leo kabla kahawa haijamiminwa, na chumba kitabaki chetu; lisipokuwepo, chumba kinakwenda kwa kwaya. Watoto wetu wanaokuja kuunda hapa kila Alhamisi hawana chumba kingine. Na mimi, nasema bila kuzunguka, siku ya Alhamisi sina pengine pa kwenda. (Mtu anakohoa.)

Sasa, katika muktadha wa mpango mkakati na kwa kuzingatia mchakato shirikishi wa wadau wote, nafurahi kutangaza kuwa mradi umetekelezwa kwa asilimia tisini na nane, na asilimia mbili zilizobaki ni zile za kuliunganisha. (Minong'ono. Macho yanageukia kitu kilichofunikwa shuka juu ya meza.) Usanifu, ndugu zangu, umekamilika! Ditte amelichora kwenye kompyuta likiwa na magurudumu sita yanayopanda na kushuka kila moja kivyake, mkono wa kuokotea mawe, kioo cha rubani kinachofunguka, na ubavu mzima ameulaza vitofali kwa upande ili vile vinundu vya juu visionekane, kazi ambayo niliisimamia kwa ukaribu, nikiwa nyuma ya kiti chake na kikombe changu. (Ditte: "Ulinimwagia kahawa kwenye kibodi." Makofi kwa Ditte.)

Wapo wanaouliza kuhusu rangi. Ditte alilichora la kijivu, na vitofali vya kijivu tunavyo hadi kabati halifungi. Lakini sisi ni watu wa demokrasia, na mkutano mkuu uliinua mikono ukapitisha zambarau iliyokolea, rangi yenye upeo, rangi yenye dira. (Ejnar: "Wewe uliinua miwili." Kicheko kirefu.) Kura zilihesabiwa, Ejnar. Na programu ya kompyuta ilikubali kila kipande kiwe zambarau bila swali hata moja, jambo linaloonyesha ubora wa hoja yetu. Kulijitokeza tu changamoto ndogo ya ugavi, ambayo nitaigusia wakati wa shukrani.

(Mama mmoja, mgeni, anauliza kwa upole: "Si mngepaka rangi tu?" Ejnar anaweka chini kikombe chake kitupu. Mtu anamnong'oneza yule mama, naye anaona haya.) Dada, hukujua, na chama kinakusamehe. Hatupaki rangi, hatugundishi, hatukati. Kipande hutumika kilivyotoka kiwandani, na aliyewahi kufanya vinginevyo yuko katika chama cha mji wa jirani. (Makofi ya nguvu, haya ni ya kweli.)

("Basi si tungeunda la kijivu!" anasema Ejnar.) Uamuzi wa mkutano mkuu hubadilishwa na mkutano mkuu, Ejnar, nao ni Machi. Ningeubadilisha peke yangu, hata wewe ungenipinga. (Ejnar anafikiri. "Kweli, ningekupinga.")

Kwa hiyo wote pamoja tuseme: Zambarau! (Sauti tatu: "Juu.") Zambarau! (Sauti mbili.) Usanifu kwanza, vitofali baadaye! (Mtoto mmoja, peke yake, anapiga makofi.)

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wenye ghala la vitofali, walionijibu kwa adabu kwamba magurudumu yale, bawaba zile na kioo kile havijawahi kutengenezwa kwa zambarau mahali popote duniani, na kwa hiyo gari hili haliko, halikuwepo, wala chini ya shuka hii halimo. Namshukuru Ditte kwa kilichomo. Na nawashukuru wanakwaya, ambao shuka hii ni yao, na kuanzia kesho chumba nacho ni chao. Ufunguo huu hapa, Tove. Asanteni.

(Ni mara ya kwanza amemwita Tove bila "Mheshimiwa". Ditte anavuta shuka: keki yenye umbo la gari, magurudumu sita, mkono wa kuokotea mawe, yote zambarau iliyokolea, maana keki kanuni inaruhusu kuipaka rangi. Watoto wanasimama juu ya viti. Tove anauchukua ufunguo, anautia mfukoni, anaitazama keki kwa muda. "Kwaya wanaimba Jumanne," anasema. "Alhamisi mtagonga, nitawafungulia. Nikatie lile gurudumu la nyuma.")