Kilima cha Mnara na Dhahabu ya Nyuma ya Bucha

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Saluni nimefunga, nina nafasi ya kufikiri. Jumamosi kuna Mbio za Mavuno hapa Masumbwe, kilomita tano. Mshindi anapewa mtamba wa ng'ombe. Mtamba simtaki sana. Namtaka Bernadina wa mgahawani. Bahati mbaya Fikirini mwenye bucha naye anamtaka. Leo Bernadina ametujibu wote wawili mbele ya wateja: atakayemtangulia mwenzake Jumamosi, ndiye atakayekwenda naye Tinde kwa wazazi wake. Watu wakashangilia. Nami nikashangilia, kabla sijafikiri.

Njia ni barabara ya ginari ya pamba. Tambarare kama sinia! Hilo ni zuri. Baya ni kwamba miguu ya Fikirini inaanzia kwapani.

Jumanne, 8 Julai

Dawa yake nimeipata. Ukimwambia mtu wa huku kwamba kuna dhahabu nyuma ya nyumba yake, hana habari tena na mbio. Asubuhi nimemnyoa Mihayo wa bodaboda. Nikamnong'oneza kuwa watu wawili wameonekana nyuma ya bucha ya Fikirini na mashine ya kutafutia dhahabu, wakaondoka wanacheka. Nikamwapisha asimwambie mtu. Nimemchagua Mihayo kwa sababu hajatunza siri hata moja tangu abatizwe. Fikirini atachimba mpaka Jumamosi. Mimi huyo, Tinde!

Alhamisi, 10 Julai

Mambo yamekuwa makubwa kidogo. Nilitaka achimbe mtu mmoja. Wamekuja kama mia tatu, wengine kutoka Geita mjini na maturubai yao. Kiwanja cha nyuma ya bucha kilijaa jana asubuhi. Sasa wanachimba barabara. Na Fikirini? Hajashika hata chepe! Anawauzia supu, anasema ni neema. Jioni anakimbia kupunguza kitambi ambacho hana.

Mchana amepita Mama Apolonia, mwenyekiti wa kamati ya mbio. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kucheka. Akasema barabara ya ginari imebaki mashimo matupu, kwa hiyo mbio zinahamia Kilima cha Mnara. Unapanda, unazunguka mnara wa simu, unashuka, unapanda tena. Akasema akimpata aliyeanzisha uvumi ule, atampandisha mara kumi. Nikamwambia hata mimi namtafuta.

Ijumaa, 11 Julai

Nilikusudia kupumzisha miguu. Lakini mteja mmoja ameniambia wameokota kipande kama punje ya mtama, palepale nyuma ya bucha. Nikacheka. Najua ni uongo, ni wangu! Kisha nikawaza: watu mia tatu hawawezi kuwa wajinga wote. Saa tano nikafunga saluni, nikaazima sururu. Nimechimba mpaka jua linazama. Nimepata kizibo cha soda na kwato. Mgongo haukunjuki.

Jumamosi, 12 Julai

Kilima kile nimekipanda mara nyingi, nyuma ya Mihayo, kwenye bodaboda. Sikujua kwamba aliyekuwa anapanda ni pikipiki.

Mita mia za kwanza niliongoza! Naandika hili lisipotee. Kisha ardhi ikainuka. Fikirini akanipita, akanipungia mkono. Akina mama wawili wakanipita wanazungumzia bei ya vitunguu. Halafu akapita Bernadina! Kumbe naye alijiandikisha. Shamba lake la mihogo liko kule juu, anapanda kila siku na jembe begani. Akaniuliza kama ni mzima. Nikasema nasubiri kipindi cha pili.

Kupanda mara ya pili, nani huyu kakaa kwenye jiwe? Fikirini! Msuli umembana, mguu mrefu kaukumbatia kama mtoto. Nikafurahi sana. Nikapiga hatua mbili za kumtangulia, mgongo ukakataa, nikakaa kando yake. Tukagawana maji yake.

Tukasikia vifijo juu. Bernadina keshashinda mtamba. Baadaye akatushukia, akamshika kila mmoja mkono, akatuvuta hadi kwenye utepe. Tukavuka sawasawa. Kilima kizima kilikuwa kinalia kwa kicheko, na mimi nikacheka mpaka mbavu zikauma. Bernadina akatangaza kwamba kwa kuwa hakuna aliyemtangulia mwenzake, Tinde atakwenda na mtamba. Sisi tukitaka, tufuate nyuma kumswaga. Sijawahi kushindwa vizuri hivi.

Jumapili, 13 Julai

Nanyoa nikiwa nimekaa. Bernadina ameniletea uji, akasema mwakani masharti ni yaleyale, kilima ni kilekile. Kanishika bega! Uji ulikuwa mtamu. Ila Fikirini naye kapelekewa. Tena nasikia ameshaanza mazoezi, anapanda na paja la ng'ombe begani.

Nimetafakari kwa kina. Uvumi haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa mahali. Kilima kile mwakani hakitakiwi kuwapo.

Jioni Mihayo amekuja kupunguza ndevu. Nikamnong'oneza kuwa watu wawili wameonekana na mashine karibu na mnara, wakaondoka wanacheka. Ameapa hatamwambia mtu. Akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja, akatoka mbio na povu shavuni.

Sasa natoka kuazima ile sururu. Huwezi kujua.